Shah wa Uajemi na pauni 20,000: hasara haikuwa pale watu wanapoiangalia

Swali limetoka kwa kijana wa Tanga anayesoma historia chuoni, nalifupisha: "Mwalimu, tunafundishwa kwamba mwaka 1901 Shah wa Uajemi alimpa Mwingereza mmoja mafuta ya karibu nchi nzima kwa miaka 60, akalipwa pauni 20,000. Hivi alihongwa, alitishwa, au hakujua thamani ya alichokuwa nacho? Na Warusi walikuwa wapi, maana tunaambiwa wao ndo walikuwa na nguvu kule?"

Asante sana mdogo wangu, hili swali nalipenda na nitalijibu kwa urefu kwa sababu majibu mafupi ndo yamewafanya watu waamini kwamba shida yote ilikuwa ile hela ya kusaini. Hongo ilikuwepo. Vitisho navyo vilikuwepo, ila havikutoka upande mmoja. Lakini hata kama Shah angelipwa pauni 200,000 siku ile, Uajemi ingeumia vilevile, kwa sababu jeraha lenyewe liko kwenye vifungu viwili vya mkataba ambavyo watu wanavipita haraka, cha 6 na cha 10, na liko kwenye ukweli mwingine kwamba yale mazungumzo kimsingi yalikuwa kati ya Uingereza na Urusi, mwenye nchi amekaa katikati anasikiliza.

Tuanze na hali ya mwenye nchi. Muzaffar al-Din Shah alipanda kiti 1896 baada ya baba yake, Nasir al-Din Shah, kuuawa kwa risasi. Akarithi hazina tupu, majimbo ambayo magavana wake walikuwa wananunua vyeo, na mwili wenye maradhi ambao madaktari waliusafirisha kwenda Ulaya kutafuta nafuu. Januari 1900 akakopa Urusi rubli (hela ya Urusi) milioni 22.5 kwa riba ya asilimia 5, dhamana ikiwa mapato ya forodha ya nchi isipokuwa bandari za Ghuba, na Warusi wakaweka sharti kwamba asikope kwingine bila ruhusa yao mpaka deni liishe. Sehemu ya ile hela ikaenda kulipa deni la Waingereza la 1892, nyingine ikaishia kwenye safari ya Ulaya ya mwaka uleule. Kwahiyo ikifika 1901 Shah anahitaji hela nyingine, hawezi kukopa popote ila Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati huo, na njia pekee iliyobaki ya kupata fedha ya kigeni ambayo haiitwi mkopo ni kuuza haki, yaani konsesheni. Shika hapo, maana hapo ndo bei yote iliposhukia.

Alafu kuna jambo la pili ambalo vitabu vya shule havilisemi vya kutosha. Uajemi haikuwa mara ya kwanza kufanya hivi. 1872 baba yake alimpa Baron Julius de Reuter, huyuhuyu wa shirika la habari, haki ya reli, migodi, misitu, mifereji ya umwagiliaji na hata forodha, mkataba mmoja, mtu mmoja. Warusi wakachachamaa, watu wa ndani nao wakachachamaa, mwaka uliofuata ukafutwa. 1890 akaja Meja Talbot akapewa biashara nzima ya tumbaku, kulima, kuuza ndani na kusafirisha nje. Hapo wananchi ndo walipoonyesha nguvu yao: Desemba 1891 ikatoka fatwa kwa jina la Mirza Hassan Shirazi, mwanachuoni mkubwa wa Kishia, kwamba kuvuta tumbaku ni haramu, na watu wakaacha kweli, nchi nzima, mpaka ndani ya nyumba ya wake za Shah buruma zikawekwa chini. 1892 mkataba ukafutwa, na Uajemi ikatakiwa kulipa fidia ya pauni 500,000 ambayo ililazimika kuikopa kwa Benki ya Kifalme ya Uajemi, benki iliyokuwa mali ya Waingereza. Hilo ndo lile deni la 1892 nililolitaja juu.

Sasa angalia kila upande ulijifunza nini. Serikali ya Tehran ilijifunza kwamba kufuta mkataba kunagharimu kuliko kuusaini. Waingereza walijifunza mambo mawili: usiguse kitu ambacho mwananchi anakitumia kila siku, na usipitishe jambo lolote Warusi wakijua mapema. Mafuta yalikidhi sharti la kwanza vizuri kabisa, maana nani angeandamana kwa ajili ya jangwa la kusini lenye lami inayovuja kwenye mawe? Kulikuwa na taarifa tu ya Mfaransa mmoja, Jacques de Morgan, mwanaakiolojia aliyeandika 1892 kwamba upande wa magharibi karibu na mpaka wa Waturuki kuna dalili za mafuta.

Taarifa hiyo ikaokotwa na Antoine Kitabgi, mkuu wa zamani wa forodha ya Uajemi, mtu aliyejua nani anakula wapi pale ikulu. 1900 akaenda Paris kwenye maonyesho ya dunia, akamtafuta Sir Henry Drummond Wolff aliyewahi kuwa balozi wa Uingereza Tehran, naye akamuunganisha na William Knox D'Arcy, wakili aliyetajirikia Australia kwenye mgodi wa dhahabu wa Mount Morgan kisha akarudi London kula maisha. D'Arcy mwenyewe hakukanyaga Uajemi hata siku moja. Alimtuma Alfred Marriott, aliyefika Tehran Aprili 1901 akiwa na Kitabgi na barua za utambulisho kutoka serikalini London.

Na pale Tehran walipokelewa na mtu ambaye sisi wa mwambao tunapaswa kumjua kwa jina. Balozi wa Uingereza alikuwa Sir Arthur Hardinge. Ndiyo, huyohuyo. Kabla ya kwenda Uajemi alikuwa balozi mdogo mkuu Zanzibar kuanzia 1894, na kamishna wa kwanza wa himaya ya Afrika Mashariki, ndiye aliyepigana na Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Mazrui huku nyuma ya Mombasa na Gazi mwaka 1895 na 1896. Na chini yake Desemba 1895 ukasainiwa ule mkataba wa Sultani Hamid bin Thuwaini kuhusu maili kumi za Mwambao, Sultani alipwe pauni 11,000 kila mwaka pamoja na riba ya asilimia 3 ya pauni 200,000, jumla 17,000. Hizo 200,000 zenyewe nazo ukizifuatilia utaumia roho: ni hela ambayo Wajerumani walimlipa Sultani kwa ajili ya pwani ya Tanganyika, ikawekwa London, kisha ikatumika kuilipa kampuni ya Mackinnon, kampuni ya Waingereza iliyokuwa imeshika Mwambao, iondoke. Yaani Sultani alitoa hela yake kuinunua kampuni itoke kwenye ardhi yake, na ardhi ikaingia mikononi mwa serikali iliyokuwa nyuma ya kampuni.

Sisemi kwamba Hardinge alichukua karatasi ya Zanzibar akaifanyia nakala Tehran. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekaa mezani 1901 alikuwa na miaka sita ya kuzungumza na mtawala mwenye deni, anayelindwa na kubanwa na mtu mmoja, na alijua mtawala wa namna hiyo anasikia nini kwanza: malipo ya uhakika, kiasi kidogo, sasa hivi.

Hongo sasa. Kitabgi aliwapitia wote, kuanzia mawaziri kwenda chini, na Hardinge mwenyewe aliripoti London kwamba jamaa amewaweka sawa watu wa ikulu mpaka mtumishi anayempelekea Shah kiko na kahawa ya asubuhi. Wakubwa waliahidiwa hisa. Waziri mkuu, Amin al-Sultan, aliyeitwa Atabak, alikuwa anakula na Warusi na Waingereza kwa zamu, naye ndo aliyekuwa ufunguo wa yote. Lakini Atabak hakuwa anaogopa kukosa hela, alikuwa anaogopa Urusi. Akisaini bila kuwaambia watamng'oa. Akiwaambia watazuia.

Hapo ndo linakuja lile tukio la barua, na hili linajibu sehemu ya swali lako kuhusu Warusi walikuwa wapi. Hardinge alilisimulia mwenyewe uzeeni. Atabak alimwambia: niandikie barua ya Kiajemi yenye mambo makuu ya mkataba, nami nitaipeleka ubalozi wa Urusi ili nisije nikaambiwa nimewaficha. Barua ikaandikwa kwa mwandiko wa shikasta, ule mwandiko wa haraka uliokatikakatika ambao hata Mwajemi aliyesoma anaupambanua kwa taabu, na pale ubalozi wa Urusi mtu wa kuusoma alikuwa mmoja tu, katibu wao wa lugha za mashariki, Stritter, na Atabak alijua kwamba siku hizo Stritter hayupo mjini. Barua ikapokelewa, ikakaa mezani haijasomwa. Atabak akasubiri siku kadhaa, akasema Warusi wamejulishwa na hawajapinga, na mkataba ukasainiwa tarehe 28 Mei 1901.

Mimi hadithi hii naichukua kwa tahadhari kidogo kwa kuwa msimulizi ndiye anayetoka nayo akiwa mjanja, ila kuna kitu ndani yake sina shaka nacho kabisa. Angalia nani alikuwa anadanganywa. Waziri mkuu wa Uajemi na balozi wa Uingereza wanashirikiana kumzuga balozi wa Urusi, juu ya mali ya Uajemi, na muda wote ule hakuna mtu mezani anayeuliza je hii asilimia 16 itahesabiwaje. Akili zote za upande wa Uajemi ziliisha kwenye kumpita Mrusi. Hizo ndo siku ambazo zilipaswa kutumika kusoma vifungu.

Basi tuvisome sisi. D'Arcy alipata haki ya peke yake ya kutafuta, kuchimba, kusafirisha na kuuza gesi, mafuta na lami kwa miaka 60 kwenye eneo la karibu maili za mraba 480,000. Majimbo matano ya kaskazini yakaachwa nje, Azerbaijan, Gilan, Mazandaran, Astarabad na Khorasan, na waliyaacha makusudi ili Urusi isiseme imeguswa mlangoni. Mashine zote za kampuni zinaingia bila ushuru na mafuta yanatoka bila ushuru. Uajemi inapata pauni 20,000 taslimu na hisa za pauni 20,000, na hata hizo taslimu hazikuwa za siku ya kusaini, zilitakiwa kulipwa ndani ya mwezi mmoja baada ya kampuni ya kwanza kuundwa, nayo iliundwa Mei 1903. Kisha kila mwaka asilimia 16 ya faida halisi ya kampuni au makampuni yatakayoundwa. Serikali ina haki ya kuweka kamishna wake, analipwa pauni 1,000 kwa mwaka, na anayelipa ni kampuni. Kamishna wa kwanza alikuwa nani? Kitabgi. Ukitokea ubishi waamuzi wanakaa Tehran, lakini nakala inayotawala ni ya Kifaransa.

Shida ya kifungu cha 10 ni kwamba hakikusema faida halisi inapatikanaje. Gharama zipi zitolewe kwanza, kampuni za nje ya Uajemi zinazouza mafuta yaleyale zimo au hazimo, kodi inayolipwa Uingereza inatolewa kabla au baada, na nani wa upande wa Uajemi ana ruhusa ya kufungua vitabu vya hesabu pale London. Hakuna. Ni sawa na kumkodisha mtu shamba la minazi mkakubaliana akupe sehemu ya faida baada ya gharama, alafu anayeandika gharama ni yeye, daftari liko kwake, na mnunuzi wa nazi ni shemeji yake.

Na kifungu cha 6 ndo kilichowauma Warusi, ambacho kwa maoni yangu ndo Hardinge alikitaka kuliko hata mafuta yenyewe, kwa sababu 1901 hakuna aliyejua kama mafuta yapo. Kilisema serikali ya Uajemi haitampa mtu mwingine yeyote haki ya kujenga bomba kwenda mito ya kusini au pwani ya kusini. Wakati huo Baku ilikuwa moja ya sehemu kubwa kabisa za mafuta duniani na Warusi walikuwa wanataka bomba la mafuta ya taa lipite Uajemi mpaka Ghuba wakauze India na mashariki ya mbali. Ikifika mwanzo wa 1902 Shah anaomba mkopo mwingine, Witte, waziri wa fedha wa Urusi, akasema sawa ila tupeni njia ya bomba. Tehran ikayumba, Hardinge akaweka kifungu cha 6 mezani, bomba la Warusi likafa. Kwahiyo Warusi walikuwepo, tena walikuwepo na fedha mkononi, walifungiwa tu mlango kabla hawajajua kuna mlango.

Ya kuchimba nitayapita haraka maana unaweza kuyapata popote. Mhandisi George Reynolds alianza Chiah Surkh, akapata mafuta kidogo 1904 yakapungua, D'Arcy akawa anaishiwa mpaka benki ikambana, akaanza kuongea na akina Rothschild, matajiri wa benki wa Ufaransa, wizara ya jeshi la maji London ikaogopa haki zisiende kwa wageni ikamuombea kwa Burmah Oil ya Glasgow, na 1905 Burmah wakaingia. Wakahamia kusini, na tarehe 26 Mei 1908, alfajiri, kisima cha Masjid-i-Suleiman kikalipuka kwenye kina cha futi 1,180, wakati tayari barua ya kuwaambia wasimamishe kazi ilikuwa njiani. 1909 ikaundwa kampuni ya Anglo-Persian kuendesha kazi hiyo.

Ila kuna kitu cha kuangalia kwa makini kwenye miaka hiyo. Masjid-i-Suleiman iko kwenye ardhi ya kabila la Wabakhtiari, na Shah wa Tehran hakuwa na askari wa kumlinda hata fundi mmoja kule. Kwahiyo kampuni ilibidi ikajadiliane upya na wenye ardhi, kana kwamba karatasi ya Shah haipo. Novemba 1905 Preece, balozi mdogo wa Uingereza wa Isfahan, alikaa na makhani, yaani wakuu wa Bakhtiari, wakakubaliana: asilimia 3 ya hisa, na pauni 2,000 kwa mwaka za ulinzi. Tehran ilikataa kuutambua mkataba huo, na ilikuwa na haki kukataa, maana serikali ya kigeni ilikuwa inasaini na raia wake kuhusu ardhi ya nchi yake. Kisha 1909 likaja suala la kiwanda cha kusafishia mafuta, wakakitaka kisiwa cha Abadan, mwenye nguvu pale ni Sheikh Khazal wa Muhammara. Safari hii aliyekwenda ni Percy Cox, mwakilishi wa Uingereza kwenye Ghuba, wakamaliza kwa kodi ya pauni 650 kwa mwaka, mkopo wa pauni 10,000, na ahadi kwamba Uingereza itamlinda. Ahadi hiyo ilivunjika 1925 Reza Khan alipomkamata Khazal akampeleka Tehran, na Waingereza hawakunyanyua mkono.

Nalikazia hili kwa sababu wanafunzi wengi mnadhani mkataba wa mafuta ni kitu kimoja kilichosainiwa siku moja. Haukuwa hivyo. Ilikuwa karatasi ya Tehran, karatasi ya makhani, karatasi ya Sheikh, na juu yao yote karatasi ambayo hakuna Mwajemi hata mmoja aliyeitwa kuisaini, ile ya Agosti 1907 ambayo Uingereza na Urusi waligawana Uajemi, kaskazini ya Urusi, kusini-mashariki ya Uingereza, katikati pasiwe pa mtu. Na kila karatasi mpya ilimpunguzia Tehran nguvu ya kudai haki kwenye ile ya kwanza, maana Wabakhtiari na Khazal sasa wanategemea kampuni kuliko wanavyomtegemea Shah.

Tuje 1914, maana hapa ndo asilimia 16 ilipoanza kuliwa. Churchill, akiwa waziri wa jeshi la maji, alilipeleka bungeni pendekezo la serikali kununua hisa za Anglo-Persian, Juni 17 likapita kwa kura 254 dhidi ya 18, serikali ikatoa pauni milioni 2.2 ikapata asilimia 51. Sambamba na hilo ukasainiwa mkataba wa siri wa kuliuzia jeshi la maji mafuta kwa miaka 20 kwa bei ya punguzo. Sasa fikiria umekaa Tehran. Fungu lako linatokana na faida. Mteja mkubwa ananunua kwa bei ya chini, na mteja huyo ndo mwenye kampuni. Kila meli ya vita ya Uingereza iliyojaza mafuta kwa punguzo, sehemu ya lile punguzo ilitoka mfukoni mwa Uajemi, na Uajemi haikuulizwa. Ile kampuni uliyosaini nayo kama ya mtu binafsi imegeuka serikali bila kubadilishwa hata neno moja kwenye mkataba, na ukiwa na malalamiko unayapeleka kwa serikali hiyohiyo.

Wakati wa vita 1915 watu wa makabila wakakata bomba, kampuni ikaidai serikali ya Uajemi fidia na ikazuia malipo yake. Kutafuta suluhu ya hilo na ya hesabu kwa jumla, 1920 akateuliwa Sydney Armitage-Smith kuisemea Uajemi. Alikuwa afisa wa hazina ya Uingereza, hazina ileile iliyoshika asilimia 51. Yaani mtu wa kumtetea mdai alitoka nyumbani kwa mdaiwa. Kwa haki niseme alileta mkaguzi wa hesabu McLintock aliyekuta kweli kwamba kampuni inaikata Uajemi isivyostahili, lakini makubaliano aliyosaini Desemba 1920 yaliruhusu makato mengine mapya, na bunge la Uajemi halikuyapitisha kamwe.

Mwisho wa mchezo huo unauona kwenye namba mbili. Mwaka 1930 Uajemi ilipata pauni 1,288,312. Mwaka 1931 ikapata 306,872. Uchumi wa dunia ulianguka, sawa, ila mafuta yaliyotoka ardhini hayakupungua kwa kiasi hicho. Reza Shah, yule Reza Khan ambaye sasa ndiye mfalme, alikasirika, inasimuliwa kwamba aliagiza faili la mafuta akalitupa kwenye jiko la moto mbele ya mawaziri, na Novemba 1932 akaufuta mkataba wa D'Arcy. Uingereza ikampeleka Geneva kwenye Shirikisho la Mataifa, ikatuma na meli za vita Ghuba.

Sasa nimalizie na lile ambalo hukuliuliza waziwazi lakini naliona ndani ya swali lako: je, Shah wa 1901 angeweza kupata zaidi? Kwenye hela ya kusaini, kidogo tu. Hakuna aliyekuwa anashindana na D'Arcy mwaka ule, mafuta hayajaonekana, na Urusi ilikuwa inataka bomba tu. Lakini kueleza faida inahesabiwaje, kuweka ushuru hata mdogo kwa kila tani, kupata haki ya kutuma mkaguzi London, hayo yasingemgharimu D'Arcy hata senti siku ile, na mtu anayetafuta saini kwa haraka kabla Mrusi hajarudi kutoka safari huwa anakubali vitu visivyomgharimu leo. Hapo ndo ninapomlaumu Atabak kuliko ninavyomlaumu Shah. Alikuwa na muda wa Hardinge mkononi mwake, akautumia kuomba hisa.

Na usidhani mkataba ule ulikuwa mbaya kila mahali. Kifungu cha 15 kilisema muda ukiisha, mali yote ya kampuni, majengo na mitambo, inakuwa ya serikali ya Uajemi bila fidia. Miaka 60 toka 1901 ni 1961. Aprili 1933 mwenyekiti wa kampuni, John Cadman, alikwenda Tehran, mazungumzo yakakwama, akaagiza ndege yake iandaliwe aondoke, na Reza Shah akalegea. Tarehe 29 Aprili wakasaini mpya: shilingi 4 za Kiingereza kwa kila tani, asilimia 20 ya gawio likizidi pauni 671,250, kiwango cha chini pauni 750,000 kwa mwaka, eneo likapunguzwa mpaka maili za mraba 100,000. Ukiangalia haraka utasema Uajemi imeshinda, maana ile shilingi 4 kwa tani ndo hasa iliyokosekana 1901. Lakini kwa kubadilishana na hayo muda ukaanza kuhesabiwa upya, miaka 60 mingine, mpaka 1993, na ile haki ya kuchukua kila kitu 1961 ikapotea.

Aliyetia saini kwa niaba ya serikali alikuwa waziri wa fedha, Hassan Taqizadeh. Mwaka 1949, Reza Shah ameshakufa uhamishoni, alisimama bungeni akasema katika jambo lile yeye alikuwa chombo tu, hakuwa na uwezo wa kukataa. Miaka miwili baadaye mwanasiasa Mosaddegh na wenzake walipotaifisha mafuta, kauli hiyo ilikuwa moja ya hoja zao kwamba mkataba wa 1933 haukuwahi kuwa halali. Ukitaka kuandika insha yako, mimi ningeanzia hapo 1949 nirudi nyuma, na ningekaa sana kwenye kifungu cha 10.